UZI: Kitabu kimechapwa, mtu kakata na kuongeza kwa kalamu. Kwenye XML unaweka nini?

Mnukuzi (mtoa mada)

Wakuu salama. Nimeona maswali yanajirudia humu, mtu kaskani kitabu cha zamani, kurasa zimejaa mistari ya kalamu, maneno yamekatwa, pembeni kuna mwandiko wa mtu, afu anauliza "hii naiwekea tegi gani?" na anajibiwa kwa mstari mmoja tu "tumia add na del", yani tegi ya nyongeza na tegi ya ufutaji. Jibu si baya ila halijamaliza kitu, ndo maana nimeona nifungue uzi wake. Nitaongelea TEI (Text Encoding Initiative), ni kanuni za kuandika matini kwenye faili la XML kwa tegi, yani alama zinazoiambia kompyuta kila kipande ni nini, maana ndo wengi wetu tunaitumia kwa kazi hizi, ilianza 1987, hii P5 (toleo lake tunalolitumia saivi) ilitoka 2007, na yale mambo ya kufuatilia hatua kwa hatua jinsi andiko lilivyobadilishwa yaliingia rasmi na toleo 2.0 la hiyo P5 mwishoni mwa 2011. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Kabla hujagusa tegi yoyote jiulize: unanakili TOLEO au unanakili NAKALA?

Toleo ni kile kilichotoka mtamboni, mamia ya vitabu vinavyofanana. Nakala ni hicho kimoja ulichoskani, chenye mhuri wa maktaba, doa la maji na mikwaruzo ya wenyewe. Kama unataka toleo, basi penseli ya msomaji aliyekinunua miaka mia baadae haikuhusu, unaiacha kwa amani na unasema kwenye heda (sehemu ya maelezo mwanzoni mwa faili), pale kwenye editorialDecl (maelezo ya uhariri), kwamba umeiacha. Sentensi moja inatosha lakini iwepo, maana atakayekuja kulinganisha na picha ataona kuna maandishi hujanakili na atadhani ulilala. Kama unataka nakala, basi kila alama ya kalamu ina haki yake. Ugomvi mwingi wa tegi ninaouona humu ni wa watu wawili ambao hawajakubaliana hapo, wanabishana del na add huku mmoja anafanya toleo mwingine anafanya nakala.

Ila kuna kitu kiko katikati hapo na ndo kinawachanganya wengi. Zamani wapiga chapa wenyewe walikuwa wakigundua kosa baada ya karatasi kutoka mtamboni, na badala ya kuchapa upya mtu anakaa na kalamu anasahihisha nakala moja baada ya nyingine. Hiyo ni kalamu, ni mwandiko, lakini ni mali ya toleo sio ya nakala! Kwa hiyo ile kanuni rahisi ya "kalamu ni msomaji, risasi ni kitabu" (risasi ni zile herufi za madini za mtambo) haifanyi kazi. Njia ya kujua ni kutafuta nakala nyingine za toleo hilohilo, ukikuta neno lilelile limesahihishwa vilevile kwa mwandiko uleule kwenye nakala tatu nne, hilo limetoka kwenye karakana ya uchapaji.

Sasa tegi. Mfano mdogo, kitabu kimechapwa "kitamu", mtu kakata na kuandika juu yake "kitabu":

`Kila <subst><del rend="mstari" hand="#m2">kitamu</del><add place="above" hand="#m2">kitabu</add></subst> kina mwenyewe.`

Subst inasema hivi viwili ni tendo moja, kimeondoka hiki kikaingia hiki. Usipoiweka, mashine inaona ufutaji na nyongeza vilivyokaa jirani kwa bahati tu.

Angalia hiyo hand, ndo inasema ni mkono wa nani. Kwenye muswada ulioandikwa wote kwa mkono ukisahau kuweka hand hakuna atakayekufa, watu watadhani ni mwandiko mkuu. Kwenye kitabu cha chapa mwandiko mkuu ni herufi za mtambo, sasa add isiyo na hand ni ya nani? Mtambo hauwezi kukata neno lake wenyewe kwa wino. Kwa hiyo kwenye chapa mimi hand ni LAZIMA, na hiyo m2 unaitambulisha kwenye heda ndani ya handNotes, handNote moja kwa kila mkono, unataja ni wino au penseli kwenye medium, na kama ni mkono uliogusa sehemu chache tu unaweka scope="minor". Hata kama humjui mtu, andika tu "msomaji asiyejulikana, penseli, maandishi yameinamia kulia" inatosha kumtofautisha na mwenzake.

Kitu kingine, sio kila mwandiko wa pembeni ni add. Jaribio langu ni hili, kalamu inataka kusomwa NDANI ya sentensi au inaongea KUHUSU sentensi? Ikitaka kuingia ndani ni add. Ikiwa pambizoni mtu kaandika "uongo mtupu!" hiyo ni note, yenye place="margin" na hand yake. Mstari chini ya neno sio ufutaji, ni hi yenye hand. Na corr msiiguse hapa, corr ni masahihisho yako wewe mhariri, usimvalishe msomaji wa zamani koti lako.

Nawasilisha, karibuni mnikosoe.

Pambizo

Mkuu umeshusha nondo. Swali, mimi nina kitabu ambacho mwenyewe kamwaga wino juu ya mistari mizima, yani kapaka mpaka huoni kitu. Mwenzangu ananiambia weka gap tu ushapita. Ni sawa?

Mnukuzi

Gap peke yake inasema "hapa kuna kitu sijakinakili", haisemi kuna mtu alikata. Weka gap NDANI ya del. Del inabeba tendo na mkono uliofanya, gap inabeba kwamba husomi na kadirio la ukubwa, mfano quantity="2" unit="line". Ukisoma nusunusu tumia unclear badala ya gap. Lakini subiri kwanza, wewe una kitabu cha chapa! Nakala nyingine ya toleo hilohilo ikipatikana maneno yote unayo. Hiyo ni bahati ambayo watu wa miswada hawana, wenzetu wanahangaika na taa za urujuanimno kusoma kilichopakwa wino, wewe unafungua nakala jirani. Ukifanya hivyo weka supplied (tegi ya maneno uliyojazia wewe) yenye source inayoonyesha umetoa wapi, usijifanye umesoma chini ya wino.

Na usidharau namna mtu alivyokata. Chukua kile kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543 kuhusu dunia kulizunguka jua. Mwaka 1616 Kanisa Katoliki lilikisimamisha "mpaka kisahihishwe", mwaka 1620 ikatoka orodha rasmi ya masahihisho, na wenye nakala wakatakiwa wakae na kalamu wakate wenyewe. Owen Gingerich, mwanahistoria wa elimu ya nyota, alizunguka kukagua mamia ya nakala za toleo la kwanza na la pili la 1566, akakuta nyingi zilizokuwa Italia zimekatwa kweli, na nje ya Italia ni chache sana zilizoguswa. Sasa kunoga ni hapa, nakala ya Galileo mwenyewe imekatwa, ila kakata kwa mstari mwepesi tu, kila neno linasomeka chini yake. Alitii amri na kitabu chake akabaki nacho.

Ukiweka del tupu kwa Galileo na del tupu kwa yule aliyepaka wino mpaka karatasi ikalowa umewafanya watu wawili wawe mmoja. Rend, inayosema mkato unaonekanaje, ndo inawatenganisha, mmoja "mstari-mwepesi" mwingine "wino-mzito". Mimi huwa naandika orodha fupi ya thamani za rend kabla ya kuanza na naifunga kwenye skima (faili la kanuni linalokagua tegi), la sivyo baada ya mwezi una "mstari", "mistari", "line" na "kukatwa" vyote vikimaanisha kitu kimoja.

KodiSafi

Samahani mtoa mada mimi naona mnajitesa. Maandishi ya chapa ni kitu kimoja, uchafu wa kalamu ni kitu kingine, kwa nini mnavichanganya kwenye faili moja? Nakili chapa safi kabisa, afu hayo ya kalamu yakae nje kama anotesheni zinazoelekeza kwenye eneo la picha. W3C (shirika la viwango vya wavuti) walishatoa kiwango cha Web Annotation tangu 2017, picha zako zikiwa kwenye IIIF (kiwango cha kuonyesha picha za maktaba mtandaoni) unachora kiboksi juu ya mwandiko unaandika kilichomo imeisha. Anayetaka chapa anapata chapa, anayetaka kalamu anawasha kalamu. Hakuna subst, hakuna tegi zinazogongana, hakuna presha.

Mnukuzi

KodiSafi kwa kalamu ya msomaji nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa, "uongo mtupu!" inaweza ikakaa nje na isipungukiwe kitu. Ila kuna kalamu ambayo ukiitoa nje umeua kazi, nayo ni ya mwandishi mwenyewe.

Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, alichukua nakala ya insha zake iliyochapwa 1588 akaanza kuiandika upya juu ya chapa, anakata maneno, anabadilisha alama za vituo, anajaza pambizo mpaka hakuna nafasi, mpaka alipofariki 1592. Nakala ipo Bordeaux, ndo jina lake mpaka leo, nakala ya Bordeaux. Sasa niambie "chapa safi" ya hapo ni nini? Chapa pale ni rasimu! Andiko ni chapa na kalamu vikisomwa pamoja, sentensi inaanzia kwenye risasi, inatoka pambizoni kwa wino, inarudi kwenye risasi. Ukiweka wino nje kama anotesheni msomaji anapata sentensi zenye viraka, na programu ya kutafuta haiwezi kukuta kirai ambacho nusu kipo ndani nusu kipo nje.

Na angalia vitu vilivyomo kwenye kurasa zile. Kuna mahali kaongeza pambizoni halafu akakata sehemu ya alichoongeza, hiyo ni del ndani ya add, imekaa kama ilivyotokea. Kuna alama ya kuonyesha nyongeza iingie wapi, hiyo sio andiko, ni metamark. Nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu kamuandikia mpiga chapa maelekezo ya namna ya kupanga herufi na tahajia, hayo ukiyaweka add umeyaingiza kwenye insha wakati ni ujumbe kwa fundi, ni note na yabaki note.

Afu kuna msiba. Fundi aliyekijalidi kitabu baadae alikata kingo za karatasi ili kikae vizuri, na kisu kikaondoka na herufi za mwisho za mistari ya pambizoni. Kwa hiyo una add, ndani yake maneno yamekatika. Toleo la 1595 lililotoka baada ya kifo chake linasaidia kujaza, na hapo ndo supplied inakula mshahara wake, herufi zilizoliwa na kisu unazirudisha lakini zinabaki na alama kwamba hazipo kwenye karatasi. Tatizo la kisu utalikuta kwenye vitabu vingi tu sio hicho peke yake, ukiona mistari ya pembeni yote inaishia katikati ya neno usimlaumu mwandishi.

KodiSafi

Sawa kwa mwandishi nimekuelewa. Kwa msomaji sibanduki.

Dawati

Mimi nina ugomvi na bosi wangu. Yeye anataka tutegi herufi iliyobadilika tu, yani kwenye mfano wako tuweke m na b pekee ndani ya subst, mimi nataka neno zima. Anasema aliyeshika kalamu alikata herufi moja hivyo tuseme ukweli.

KodiSafi

Bosi yuko sahihi kwenye ukweli ila atakuja kulia kwenye utafutaji, hii ndo kazi yangu ya kila siku ngoja nieleze. Ukiandika

`kita<subst><del>m</del><add>b</add></subst>u`

programu isiyojua TEI inatoa tegi zote inabaki na "kitambu", neno ambalo halijawahi kuwepo popote, sio kwenye chapa sio kwenye sahihisho. Ukiandika neno zima inabaki na "kitamukitabu" na hilo nalo ni jinamizi. Na kuna anayepiga enta katikati ya del na add ili kodi ionekane nzuri, hapo anaingiza nafasi, "kitam bu".

Dawa ni kutotoa tegi kiholela. Unatengeneza matini mbili kutoka faili moja kwa XSLT (lugha ya kugeuza faili za XML), ya kwanza inatupa add zote na kubakiza del, hiyo ndo kama ilivyochapwa, ya pili kinyume chake, kama ilivyosahihishwa, KISHA ndo unakata maneno na kuyaweka kwenye indeksi, ukikata maneno kabla ya kutenganisha imekula kwako. Kwa hiyo tegini herufi kama bosi anavyotaka, ila ukizungushia neno zima tegi w (ya neno) unajua mipaka ya neno iko wapi hata ndani yake kuwe na vita.

Ila ukiwa na mikono miwili mitatu tofauti matini mbili hazitoshi, unachuja kwa hand, na hapo ndo utamshukuru mtoa mada kwa ile lazima yake.

Mnukuzi

Naongezea. Penye mkato wa kalamu ulioanzia katikati ya herufi, ukapita neno na kugusa koma bila mtu kukusudia, del ina status, kuna excessEnd na shortEnd na ndugu zake, unasema mkato umezidi au umepungua. Ila usiitumie kila mahali, ni pale tu inapobadilisha usomaji.

Pambizo

Mkuu wangu, nimekwama tena. Yule mwenye kitabu kapiga mkwaju mmoja wa X kuanzia katikati ya aya ya kwanza mpaka katikati ya aya ya tatu. Nikifungua del kwenye aya moja na kuifunga kwenye nyingine XML inakataa. Na kwenye kurasa mbili kakata afu kaweka vidoti chini ya maneno yaleyale aliyoyakata.

Mnukuzi

XML inakataa na haki yake, tegi haziruhusiwi kupishana. Kwa X yako tumia delSpan, ni tegi tupu unaiweka pale mkato unapoanza na spanTo inayoelekeza kwenye anchor (alama tupu ya mahali) uliyoiweka unapoishia. Nyongeza iliyovuka aya inayo addSpan yake vilevile. Uzuri muundo wa aya hauguswi, ubaya ni kwamba programu nyingi za kuonyesha hazijui kuchora kitu chenye mwanzo huku na mwisho kule, KodiSafi hapo atakutoza hela.

Vidoti chini ya neno lililokatwa ni alama ya zamani ya masahihisho, inamaanisha "liache kama lilivyo". Hapo unaweka restore kwa nje, del kwa ndani. Tendo limefanyika na likatenguliwa, neno limerudi hai. Usishawishike kufuta del eti kwa sababu mwishowe neno limebaki, kusitasita kwa mtu ni habari. Ukiwa na uhakika nini kilitangulia unaweza kuweka seq, namba ya kwanza ya pili ya tatu, ila uhakika uwe wa kweli, mfano wino mmoja umepita juu ya mwingine, sio kwa kuhisi.

Dawati

Na kama hatujui mkono ni wa nani lakini tunahisi ni wa mwandishi?

Mnukuzi

Hapo msichanganye hand na resp. Hand ni aliyeshika kalamu enzi hizo, resp ni wewe uliyesema leo kwamba mkono ni wa fulani. Weka hand ya mwandishi, resp yako, na cert (kiwango cha uhakika) "low" au "medium". Akija mtu mwenye barua za mwandishi akalinganisha miandiko akaona umekosea, anajua wa kumtafuta na anabadilisha sehemu moja tu. Ukinyamaza, dhana yako inageuka ukweli wa kompyuta na itanakiliwa na wengine mpaka mwisho wa dunia.

MgeniHumu

Habari wakubwa, mimi ni mgeni. Haya mambo OCR (programu ya kusoma maandishi kwenye picha) haiwezi kuyatoa yenyewe?

KodiSafi

Karibu. OCR ya kawaida ikikutana na neno lililokatwa kwa mstari inakupa takataka, mstari unakuwa sehemu ya herufi. Na mwandiko uliobanwa katikati ya mistari miwili unaharibu hata mistari iliyo salama maana mashine haijui mstari unaishia wapi. Transkribus na eScriptorium zinasoma mwandiko ukizifundisha, kwa vitabu vya namna hii chora mwenyewe maeneo, chapa lake na mwandiko lake, la sivyo inasoma pambizo kama mwendelezo wa mstari. Ila nani kakata na kwa nini, hiyo ni macho yako.

MgeniHumu

Asante sana. Na ile maarufu ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa aliyeandika pembeni kwamba ana uthibitisho ila pambizo ni dogo, hiyo ni add au note?

Mnukuzi

Swali zuri hilo mgeni. Ni note kwa lile jaribio letu, anaongea kuhusu hesabu ya Diophantus (mwanahisabati Mgiriki wa kale aliyeandika kitabu hicho), haingizi kitu ndani yake. Ila nakala yake aliyoiandikia imepotea, tunachosoma ni toleo la 1670 ambalo mwanae Samuel alichapa kitabu chote pamoja na maelezo ya baba. Kwa hiyo kwenye faili la 1670 hakuna wino hata tone. Ni note iliyochapwa, hand huweki, unaweka resp inayomtaja Fermat kuwa ndo mwenye maneno, na anayetaka kuonyesha ilikaa wapi kwenye pambizo la awali hana pa kuanzia zaidi ya pale Samuel alipoichapa, kwenye swali lake.